Urefu wa Nyasi na Jina la Afya

Katika miji mingi ya Marekani, mwenye nyumba hana uhuru kamili wa kuamua kitakachoota mbele ya mlango wake. Sheria ndogo za mji humtaka ahakikishe kwamba nyasi na magugu hayazidi kimo fulani, mara nyingi kati ya inchi 8 na 12, yaani sentimita 20 hadi 30. Kimo kikizidi, hupelekewa notisi. Akiipuuza, mji huleta wafyekaji na kumdai gharama, na huenda akatozwa faini juu yake. Sababu inayotajwa ni afya ya umma. Inasemekana kwamba nyasi ndefu hufuga panya, nyoka, mbu na kupe, huwasumbua wenye pumu kwa chavua, na huweza kushika moto.

Kwa miongo kadhaa sasa, baadhi ya wakazi wa nchi hiyo wamekuwa wakiondoa nyasi fupi katika nyua zao na kupanda mimea ya asili ya mahali pao: maua ya mbugani, nyasi ndefu, vichaka na miti inayolisha nyuki na vipepeo. Baadhi yao wamejikuta wakishtakiwa kwa kuhatarisha afya ya majirani. Mabishano hayo yamewalazimu mahakimu, wabunge na watafiti kuuliza kama kimo cha mmea kinatueleza lolote kuhusu ugonjwa. Swali hilo linatuhusu sisi pia. Afisa afya wa kata aliye Dar es Salaam au Mwanza huagiza kila siku nyua zifyekwe, na agizo lake hubeba jina la taaluma yetu.

Sheria na hofu ya hewa chafu

Kesi ya zamani inayotajwa mara kwa mara ni ya mji wa St. Louis, katika jimbo la Missouri, dhidi ya mmiliki wa kiwanja aliyeitwa Galt. Sheria ya mji ilikataza magugu yenye kimo cha zaidi ya futi 1. Mwaka 1903 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba mji ulikuwa na mamlaka ya kuweka katazo hilo. Mimea iliyoleta shauri hilo ilikuwa alizeti.

Uamuzi huo hueleweka vizuri zaidi ukisomwa pamoja na historia ya tiba. Ni mwaka 1897 tu ndipo Ronald Ross alipoona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India, na ni mwaka 1900 ndipo jopo la Walter Reed lilipothibitisha huko Kuba kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu. Kabla ya hapo, madaktari wengi waliamini kwamba homa hutokana na hewa mbaya inayopanda kutoka kwenye vinamasi na majani yanayooza. Neno malaria lenyewe, kwa asili yake ya Kiitaliano, lina maana ya hewa mbaya. Mwenye imani hiyo akitazama kichaka huona homa. Nadharia hiyo imekwisha kuondoka katika vitabu vya tiba, lakini desturi ya kukihukumu kichaka kwa macho haikuondoka nayo.

Mwaka 1976 desturi hiyo ilipimwa upya katika mji wa New Berlin, jimbo la Wisconsin. Mtaalamu wa wanyamapori aliyeitwa Hagar aliacha ua wake uwe mbuga ndogo ya mimea ya asili, na mji ukamshtaki. Alikana kosa, na mahakamani wakaitwa wataalamu kueleza hatari zilizodaiwa za moto, panya na chavua, moja baada ya nyingine. Mahakama iliona kwamba madai hayo hayakuthibitika, na sheria hiyo ikatanguliwa. Tangu hapo, mwenye kudai kwamba nyasi ndefu ni hatari kwa afya ameanza kuulizwa: ni hatari ipi, na inamfikiaje binadamu?

Chavua inayosingiziwa

Tuanze na chavua, kwa kuwa ndiyo inayowagusa wagonjwa wetu wa pumu na mzio. Huko Amerika ya Kaskazini, mwishoni mwa kiangazi, mimea miwili huchanua kwa wakati mmoja. Mmoja ni solidago, wenye maua ya manjano yanayoonekana kutoka mbali. Mwingine ni ambrosia, wenye maua madogo ya kijani ambayo mpita njia hayatambui. Msimu huo watu hupiga chafya, macho huwasha, na wenye pumu hubanwa na kifua. Kwa muda mrefu lawama zilimwangukia solidago, kwa sababu tu alionekana.

Ukweli ni kinyume chake. Chavua ya solidago ni nzito na yenye kunata. Husafirishwa na nyuki na wadudu wengine, na kwa kawaida haifiki puani mwa mtu asiyeuinamia mmea. Chavua ya ambrosia ni nyepesi, huchukuliwa na upepo kwa kilomita nyingi, na mche mmoja huweza kutoa hadi chembe bilioni 1 katika msimu. Kanuni hii hutumika hata nje ya Marekani: mimea yenye maua ya kuvutia wadudu ni nadra kuwa chanzo kikubwa cha mzio wa hewani, ilhali mimea inayotegemea upepo, zikiwamo nyasi, ndiyo yenye kushukiwa kwanza.

Hapa kuna jambo litakalomshangaza msomaji wa Afrika Mashariki. Miongoni mwa nyasi zinazopandwa sana katika nyua za kusini mwa Marekani ni zile wanazoziita nyasi za Bermuda. Hizo ni Cynodon dactylon, jamii ya ukoka tunaoukanyaga kila siku, na chavua yake inajulikana vyema katika kliniki za mzio. Kwa hiyo ua uliopandwa nyasi za aina moja hauna dhamana ya kuwa salama kwa mwenye mzio kuliko ua wa maua ya mbugani.

Haki pia itendeke kwa upande wa pili. Ambrosia ni mmea wa asili wa Amerika. Vivyo hivyo mtambaazi Toxicodendron radicans, ambao mafuta yake huwatoa watu malengelenge ya ngozi yenye mwasho mkali, ni wa asili huko. Kuwa wa asili hakuufanyi mmea kuwa salama. Kila mmea una tabia yake, na hiyo ndiyo inayopaswa kuchunguzwa.

Kupe, mbu na panya

Hofu ya kupe ina msingi. Marekani hukadiriwa kuwa na watu wapatao 476,000 kila mwaka wanaogunduliwa na kutibiwa ugonjwa wa Lyme, unaosababishwa na bakteria za Borrelia na kuenezwa na kupe wa jamii ya Ixodes. Kupe hao hukauka na kufa upesi wakikosa unyevu. Makao yao ni kivuli cha msitu, majani yaliyooza na vichaka vilivyosongamana. Ndiyo maana wataalamu wa kinga nchini humo hushauri kuweka ukanda wa changarawe au vipande vya mbao, wenye upana wa kama mita 1, kati ya nyasi za nyumbani na msitu.

Watafiti wa jimbo la Connecticut walipochunguza vichaka vya Berberis thunbergii, pambo la bustani lililoletwa kutoka Japani na ambalo miji mingi haikuwahi kulikataza, walikuta kupe wengi zaidi humo kuliko mahali ambapo kichaka hicho hakipo. Matawi yake hushikana, huhifadhi unyevu, na huwapa hifadhi panya wadogo ambao kupe wachanga hunyonya damu yao. Vichaka vilipodhibitiwa, kupe walipungua. Kwa upande mwingine, uchunguzi uliofanywa katika nyua za mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, na kuchapishwa mwaka 2019, haukuona kwamba kuchelewa kukata nyasi kwa wiki 2 au 3 kuliongeza kupe. Mgeni aliyepandwa kwa urembo, basi, aliwafuga kupe, huku nyasi zilizoachwa zirefuke kidogo zikikosa hatia.

Kuhusu mbu, jambo la kuzingatia ni maji. Mbu hutaga mayai penye maji yaliyotuama. Aedes aegypti, aenezaye dengue, hupendelea vyombo: matairi, ndoo, makopo, vifuu vya nazi, sahani za vyungu vya maua. Katika milipuko ya dengue iliyoikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, ua uliofyekwa na kufagiwa vizuri, lakini wenye pipa lisilofunikwa na matairi mawili nyuma ya choo, haukuwa na kinga yoyote. Anopheles gambiae, aenezaye malaria, hupenda vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, vikiwamo vile vinavyobaki katika nyayo za ng'ombe na mashimo ya matofali. Jamaa yake, Anopheles funestus, huzaliana katika maji ya kudumu yenye mimea kando yake. Ni kweli kwamba mbu wapevu hupumzika katika majani yenye kivuli, na ni kweli kwamba hunyonya mbochi wa maua. Lakini afisa anayefyeka nyasi na kuacha maji ameacha mazalia yakiwa salama.

Panya naye hufuata chakula na mahali pa kujificha. Taka za jikoni, nafaka isiyofunikwa, rundo la mbao na vifusi ndivyo vinavyomwita. Ua wenye mimea mirefu lakini usio na taka humpa kidogo sana.

Sheria mpya zinavyoandikwa

Mashauri ya aina hii hayajaisha, na mengine hayahusu mji bali jumuiya za wamiliki wa nyumba zenye kanuni zao. Mwaka 2017 wanandoa fulani wa Maryland waliandikiwa barua na jumuiya yao wakitakiwa kuondoa bustani ya mimea ya asili na kurudisha nyasi fupi. Walikataa. Shauri lilifika mahakamani na kumalizika kwa maridhiano mwaka 2020. Mwaka uliofuata jimbo la Maryland lilitunga sheria inayozuia jumuiya kama hizo kumlazimisha mtu kupanda nyasi fupi au kumwekea vikwazo visivyo na sababu juu ya bustani za aina hiyo, ilimradi mwenye nyumba azitunze mara kwa mara.

Minnesota ilifuata mwaka 2023. Sheria yake inaitaka miji iruhusu bustani zilizopangwa na kutunzwa zenye nyasi, maua ya mbugani, vichaka na miti, hata kama mimea inazidi inchi 8 na kuachwa itoe mbegu. Lakini magugu yaliyotangazwa kuwa hatari hayaruhusiwi, wala ua wa nyasi za kawaida uliotelekezwa hauhesabiwi kuwa bustani ya aina hiyo. Sheria hizi zimeacha kuuliza mmea una kimo gani, zikaanza kuuliza ni mmea gani na nani anautunza.

Utunzaji una uzito wake katika afya ya akili pia. Katika mji wa Philadelphia, watafiti walichagua kwa bahati nasibu viwanja vitupu 541. Vingine vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuzungushiwa uzio mfupi wa mbao. Vingine viliondolewa taka tu. Vingine viliachwa vilivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba, ikilinganishwa na wakazi wa karibu na viwanja vilivyoachwa, idadi ya waliojisikia wenye huzuni ilipungua kwa asilimia 41.5 karibu na viwanja vilivyopandwa. Kuondoa taka peke yake hakukuleta nafuu iliyothibitika. Jaribio hilo halikuhusu mimea ya asili, lakini linafundisha kwamba kijani kinachoonekana kutunzwa humfariji jirani. Ndiyo maana wapandaji wa mimea ya asili hushauriwa kuacha ukanda wa nyasi fupi kandokando ya bustani, kusafisha njia na kuweka uzio mdogo, ili mpita njia aone mkono wa mtu.

Somo la Shinyanga

Afrika Mashariki ina historia yake ya kufyeka kwa jina la afya. Wakati wa utawala wa Waingereza, misitu na vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kumfukuza mbung'o, aenezaye malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Tofauti na hofu ya hewa chafu, kazi hiyo ilikuwa na hoja ya kisayansi, kwa kuwa mbung'o huhitaji kivuli. Hata hivyo ufyekaji huo, pamoja na upanuzi wa mashamba ya pamba na wingi wa mifugo, uliiacha ardhi tupu kiasi cha watu kuiita jangwa. Kuni, malisho na miti ya dawa vikawa vya kutafutwa mbali, na mzigo mkubwa wa safari hizo uliwaelemea wanawake.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Waliposikiliza wenyeji, wataalamu waliifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani eneo linalotengwa na kaya au kijiji ili nyasi na miti ya asili viote tena kwa ajili ya malisho ya kiangazi. Kanuni zake ziliwekwa na vijiji vyenyewe na kusimamiwa pia na mabaraza ya jadi, dagashida: lini mifugo iingie, nani akate kuni, mvunjaji atozwe nini. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejea kuwa na uoto, na mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta. Ngitili si ua wa nyumba ya mjini, lakini inaonyesha kwamba kanuni ya mahali inaweza kuilinda mimea ya asili ikiwa wenyeji wanajua sababu yake.

Afisa afya aulize nini

Tanzania ina Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na halmashauri zina sheria ndogo za usafi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi imezoeleka kuwa siku ya usafi. Mamlaka yapo. Linalobaki ni kuyatumia kwa kufuata ugonjwa na kuacha kufuata macho. Kabla ya kuandika notisi, maswali machache yatamsaidia afisa.

Kwanza, maji yametuama wapi? Hapo ndipo agizo lianzie: vyombo, mifereji iliyoziba, mashimo, matairi.

Pili, mimea iko umbali gani na mlango, dirisha, choo na njia ya watoto? Kuumwa na nyoka kuliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na kwetu kifutu hujilaza kimya katika nyasi na majani makavu hadi anapokanyagwa. Kuzunguka nyumba na kando ya njia, nyasi ziwe fupi, na rundo la matofali au kuni lihamishwe mbali na ukuta. Usiku mtu atembee na tochi na viatu. Tahadhari hiyo haihitaji ua mzima hadi mpakani uwe udongo mtupu. Udongo mtupu huleta vumbi kiangazi na mmomonyoko masika, na vumbi hilo ni mzigo kwa mwenye pumu.

Tatu, ni mmea gani? Gugu karoti, Parthenium hysterophorus, lililotoka bara la Amerika na kuonekana Arusha na sehemu nyingine za ukanda wetu, husababisha ukurutu na huamsha pumu. Watafiti wa kituo cha icipe jijini Nairobi wameonyesha pia kwamba Anopheles gambiae hunufaika na mbochi wake. Gugu hilo ling'olewe kabla halijachanua, na ang'oaye avae glovu, mikono mirefu na barakoa. Kumwagiza mtu afyeke kila kitu bila kulitambua gugu karoti ni kulipa nafasi, maana huota upesi penye udongo uliochokonolewa.

Nne, je, ugonjwa unatoka nje kweli? Homa ya papasi ni mfano mzuri. Papasi hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, na huuma usiku. Ua ungefyekwa mara 10 bila kumgusa, ilhali kuziba nyufa na kusakafia sakafu kungemwondoa.

Kwa mgonjwa na familia yake

Mwenye pumu au mzio aandike kwa mwezi mmoja ni siku zipi hali huwa mbaya, na alikuwa akifanya nini: kufagia, kufyeka, kuchoma majani au kulala karibu na mavuno. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko kukisia jina la ua. Kuchoma majani makavu, kunakofuata ufyekaji katika mitaa mingi, hutoa moshi wenye madhara kwa mapafu ya kila mtu mtaani. Afadhali majani yarundikwe kuwa mboji mbali na nyumba.

Wenye watoto wadogo waitazame mimea ya pambo na ya uzio. Oleanda, iliyoletwa kwa maua yake, ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Mbegu za mbono kaburi, unaopandwa kama uzio, huwatapisha na kuwaharisha watoto wanaozidhania karanga. Mbegu za mnyonyo zina sumu kali, na huu ni mmea wa asili wa Afrika. Mtoto akila mmea wa kushukiwa, asilazimishwe kutapika. Apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na kipande cha mmea huo.

Mwenye nyumba anayetaka kuacha mkwaju, maua ya porini au vichaka vya dawa katika ua wake ana wajibu wa kuvitunza, kutoacha maji, kutolundika taka, na kumweleza jirani anachofanya. Akipelekewa notisi, ana haki ya kuuliza imetaja hatari gani. Afisa aliyeandika “panya wanafugwa katika rundo la mbao upande wa jikoni” au “viluwiluwi vimeonekana katika pipa” atajibu kwa urahisi, na mwenye nyumba atajua la kurekebisha kabla ya jioni. Aliyeandika “ua mchafu, nyasi ndefu” arudi kwanza akakague.